Mkasi Uje Mwisho: Kumtunza Spanieli Manyoya Yake Nyumbani

Spanieli, mbwa mwenye masikio marefu, ana manyoya ya namna tatu katika mwili mmoja, na anayetaka kumhudumia nyumbani ayajue hayo kabla hajashika mkasi. Mgongoni, kichwani na ubavuni ana manyoya mafupi, laini, yanayolala kufuata mwili. Masikioni, kifuani, tumboni, nyuma ya miguu na mkiani huota marefu yanayoning'inia. Mimi ni fundi cherehani, basi hayo marefu nimezoea kuyaita pindo. Chini ya yote kuna manyoya ya ndani, mepesi na mafupi, yanayomkinga na baridi na kupukutika mara kwa mara. Ya mgongoni hunyonyolewa. Pindo huchanwa. Ya nyayoni na ya kwenye tundu la sikio hukatwa. Karibu kila spanieli niliyemwona ameharibika sura aliharibiwa na mtu aliyemfanyia kazi moja mwili mzima, kwa kawaida kwa mashine ya kunyolea.

Mbwa wangu anaitwa Zafarani, jike wa Cocker wa Kiingereza, moja ya aina za spanieli, rangi ya dhahabu iliyokolea. Ninayoyaeleza hapa ndiyo ninayomfanyia yeye, na pale ambapo spanieli wa aina nyingine anahitaji tofauti nitasema.

Chombo cha kwanza ni chanuo la chuma, upande mmoja meno yameachana, upande wa pili yamebanana. Ukikosa vingine vyote, chanuo usilikose. Cha pili ni brashi ya waya, ile yenye sindano nyembamba zilizopinda kidogo kwenye ncha. Tafuta iliyo laini, kwa sababu ngumu humchubua ngozi. Kisha mikasi miwili: mmoja mnyoofu wenye ncha za mviringo, na mmoja wa kupunguzia, wenye meno, ambao ukikata unachukua baadhi ya nywele na kuziacha nyingine. Ongeza jiwe la kusugulia manyoya mafu au kisu cha kunyonyolea chenye meno butu, kikatio cha kucha, na kornflawa kidogo kwenye kopo. Mashine ya kunyolea ni ya hiari, na kazi yake ni sehemu chache tu.

Kuhusu mkasi nina msimamo mkali. Mkasi wa kitambaa usiguse manyoya, na mkasi wa manyoya usiguse kitu kingine chochote. Manyoya ya mbwa hubeba mchanga, na mchanga hula makali. Mkasi butu huvuta kabla ya kukata. Mbwa husikia ule mvuto, naye hausahau. Mbwa wengi wanaosemekana ni wakorofi wakichanwa wanakumbuka maumivu tu.

Mweke juu ya meza imara, yenye kimo cha kukuwezesha kufanya kazi bila kuinama, na utandike mkeka wa mpira asiteleze. Mbwa anayeteleza hujikaza mwili mzima, na mwili uliokaza hauchaniki. Usimwache mezani peke yake hata kwa kufuata taulo chumba cha pili. Kama ni mtoto, anza na kumshikashika tu: inua sikio, shika kila kidole, pitisha brashi mara chache, mtuze, mshushe. Akiwa mkubwa na hajazoea, gawa kazi, leo miguu, kesho masikio. Hakuna sheria inayosema lazima yaishe siku moja.

Sasa kuchana, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Watu wengi hupitisha brashi juujuu, manyoya yakang'aa, wakaridhika. Chini, karibu na ngozi, fundo linaendelea kukua. Manyoya ya ndani yakifa hayaanguki sakafuni yote. Mengine hunaswa katika pindo. Yakipata unyevu na msuguano hushikamana, yakawa kitu kimoja kizito kinachovuta ngozi kila mbwa anapopiga hatua. Kwa hiyo kuchana ni kuitafuta ngozi.

Mlaze ubavu. Kwa mkono wa kushoto yakunje manyoya yote ya mguu juu, uyashikilie. Achia safu nyembamba ya chini kabisa, mpaka uone mstari wa ngozi. Ichane kwa brashi kuanzia kwenye ngozi kwenda nchani, kwa mivuto mifupi na mepesi. Ikishalegea, achia safu nyingine juu yake. Panda hivyo hivyo safu kwa safu hadi ufike juu ya paja. Kisha rudia kwa chanuo, kwanza meno yaliyoachana, halafu yaliyobanana. Chanuo likipita kutoka ngozini hadi nchani bila kukwama, mguu huo umekwisha. Likikwama, haujaisha, hata kama unapendeza kwa macho.

Ukifanya hivi kila baada ya siku moja, ni kazi ya dakika chache. Ukiacha wiki mbili, utalipa kwa saa nzima na mbwa atalipa kwa maumivu. Mahali panapofunga mafundo zaidi ni nyuma ya masikio, pale manyoya yanapokuwa laini kupita kote. Kisha makwapa, hasa kwa mbwa anayevaa mkanda wa kifuani. Ndani ya mapaja. Chini ya mkia. Chini ya ukanda wa shingoni. Na katikati ya vidole. Ukiwa huna muda siku hiyo, chana sehemu hizo tu na uache nyingine.

Akitoka kwenye nyasi ndefu usingoje siku ya kuchana. Kuna mbegu za nyasi zenye miiba midogo inayoelekea upande mmoja. Zikinasa kwenye manyoya huenda mbele tu, hazirudi nyuma. Huingia kati ya vidole zikatoboa ngozi, au hushuka ndani ya sikio, na zikishazama ni kazi ya daktari wa mifugo. Pindo la spanieli huzibeba kwa urahisi mno. Pitisha vidole vyako katikati ya vidole vyake vyote, inua masikio utazame, papasa makwapa. Hapo hapo utakutana na kupe kama wapo, na uvimbe wowote mpya chini ya ngozi.

Ukikuta fundo, weka brashi chini kwanza. Linyunyizie maji yenye dawa kidogo ya kulainishia manyoya, au lipake kornflawa, kisha ulitenganishe kwa vidole, ukianzia nchani na si kwenye shina. Mkono mwingine ushike manyoya kati ya fundo na ngozi, ukaze, ili unapovuta mvuto uishie kwenye vidole vyako usifike mwilini mwake. Fundo likikubali kupasuka vipande viwili, kila kipande kitafunguka kwa chanuo.

Likikataa, likate, lakini angalia namna ya kulikata. Kosa la hatari ni kulivuta fundo juu na kupitisha mkasi chini yake. Ngozi ya mbwa ni nyembamba na haiinuki peke yake. Unapovuta fundo inapanda nalo, nawe unaikata ukidhani ni manyoya. Ingiza chanuo kati ya fundo na ngozi, likae hapo, kisha kata juu ya chanuo. Au lipasue fundo kwa urefu, kufuata mwelekeo wa manyoya, mkasi ukielekea nje, kisha uyachane mapande. Kama mafundo yameungana yakawa tandiko zima, usimtese kwa chanuo. Yanyolewe na mtu mwenye mashine na mkono mzoefu, na ngozi ya chini ikikutwa nyekundu au yenye majimaji aonwe na daktari. Na kamwe usimwogeshe akiwa na mafundo. Maji huyakaza, na yakikauka huwa magumu zaidi.

Tuje mgongoni. Manyoya ya mgongo wa spanieli yana ukomo wake: hukua, hufika urefu wake, hufa, hung'oka. Yaliyokufa utayajua. Hupauka nchani, husimama badala ya kulala, na huufanya mgongo uonekane wa vumbi hata baada ya kuoga. Hayo huondolewa kwa kunyonyoa. Shika manyoya machache kati ya kidole gumba na cha shahada, kwenye ncha zake, mkono wa pili ukikaza ngozi, uvute kufuata yanakoelekea. Yaliyokufa huja bila ubishi na mbwa hageuzi hata kichwa. Yakigoma bado yako hai, yaache. Mimi huvaa vidoleni vifuniko vya mpira, vile vinavyotumika kuhesabia karatasi, ili yasiteleze. Fanya hivi kabla ya kumwogesha, maana manyoya yaliyooshwa karibuni huponyoka. Jiwe la kusugulia au kisu cha kunyonyolea, kikilazwa bapa na kuvutwa taratibu, hutoa ya ndani ambayo vidole haviwezi kuyashika. Huhitaji kumaliza kwa kikao kimoja. Kidogo kila siku huleta mgongo laini usio na mistari.

Kwa nini si mashine? Kwa sababu mashine huyakata ya juu na ya ndani kwa urefu mmoja. Lile vazi la juu, linalong'aa na kuchuruza maji, hupoteza ncha zake, na ya ndani hupata nafasi ya kujaza. Yanaporudi huwa ya sufi, yamefifia rangi, yanashika uchafu na yanafunga mafundo mahali ambapo hapakuwa na fundo. Kwa mbwa wengine hali hiyo haigeuki tena. Tena manyoya yale ndiyo kivuli chake. Ukimnyoa karibu na ngozi kwa nia ya kumpunguzia joto, unaiacha ngozi mbele ya jua.

Hata hivyo kuna mbwa ambao ushauri huo hautawatosha, na Zafarani ni mmoja wao. Spanieli akifungwa kizazi, dume kwa jike, mara nyingi manyoya hubadilika: huwa mengi, ya sufi, hujaza mapajani na ubavuni, hata kichwani huota kishungi. Wenye rangi ya dhahabu na nyekundu huonekana kupatwa zaidi. Manyoya hayo hayang'oki kwa vidole, na kulazimisha ni kumuumiza. Kwa Zafarani mimi hutumia jiwe mara kwa mara, kisha mkasi wa kupunguzia. Ingiza mkasi chini ya manyoya ukifuata yanakoelekea, usikate ukikingama mwili, kwa sababu ukikingama unaacha ngazi. Fumba mara moja au mbili, toa mkasi, chana yaliyokatika yatoke, rudi nyuma hatua mbili, tazama. Ndivyo ninavyopunguza bega la koti, na ndivyo ubavu wa mbwa unavyokubali: unatoa kidogo, unatazama, unatoa tena. Ukikata bila kurudi nyuma kutazama, utajikuta umeshapitiliza.

Kama mbwa ni mzee, anaumwa viungo, hawezi kusimama muda mrefu, mnyoe kwa mashine na usione haya. Raha yake inatangulia umbo la mgongo. Ninachoomba ni kwamba uamuzi huo ufanywe kwa kujua, kwa sababu manyoya ya zamani huenda yasirudi.

Masikio ya spanieli yanastahili nusu ya uangalifu wako wote. Ni marefu, mazito, na yanafunika tundu kama pazia zito lisilofunguliwa, hewa haingii, unyevu hautoki. Cocker, juu ya hayo, ni miongoni mwa mbwa wanaoongoza kwa kuugua masikio. Kwa hiyo kazi ya mkasi hapa ni afya kabla ya urembo. Geuza sikio nje, ukate fupi manyoya yote yanayozunguka tundu na yale ya shingoni yanayogusana na tundu sikio likilala. Theluthi ya juu ya sikio kwa nje nayo ipunguzwe, kwa mashine au mkasi wa meno, ili sikio lipungue uzito na kulala karibu na shavu. Pindo refu la chini liache liwe refu, lichanwe tu. Manyoya yaliyo ndani kabisa ya tundu usiyang'oe isipokuwa daktari amekuambia ufanye hivyo.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hukata bila kujua kipo. Kwenye ukingo wa sikio, upande wa nje karibu na chini, ngozi imejikunja ikafanya mfuko mdogo. Chini ya manyoya hauonekani. Ukipitisha mashine au mkasi ukingoni unaupasua, na sikio hutoka damu nyingi. Utafute kwa vidole kwanza, uubane kati ya vidole, kisha kata nje ya vidole vyako. Vivyo hivyo kwa ukingo mzima: vidole vishike ngozi, mkasi ubaki upande wa pili wa vidole.

Kusafisha, tumia dawa ya masikio ya mbwa. Jaza tundu, kanda shina la sikio mpaka usikie mlio wa majimaji, mwache atikise kichwa, kisha pangusa kwa pamba kile unachokiona tu. Vijiti vya pamba usivitumie. Husukuma uchafu ndani. Sikio likinuka, likiwa jekundu, likitoa uchafu wa kahawia au usaha, au mbwa akiinamisha kichwa upande mmoja, usitie chochote. Kiwambo cha ndani ya sikio kinaweza kuwa kimepasuka, na dawa isiyofaa ikazidisha madhara. Mpeleke kwa daktari.

Usoni hakuna kazi kubwa. Pangusa pembe za macho kwa pamba yenye maji. Lakini fungua mikunjo ya mdomo wa chini, hasa kwa Cocker na kwa Springer, aina nyingine ya spanieli: mate hukaa humo, ngozi ikawaka, na ile harufu ambayo watu husema ni ya meno mara nyingi hutoka hapo. Safisha, halafu kausha kabisa.

Kuogesha ni kila baada ya wiki 4 hadi 6, au akichafuka kweli. Maji ya vuguvugu. Shampuu iwe ya mbwa, kwa sababu ngozi yake haina tindikali kiasi cha ngozi yetu na shampuu ya watu huikausha. Ichanganye na maji kwenye chupa kabla ya kumpaka, ipate kufika ngozini na kutoka kwa urahisi. Usimsugue kwa kuzungusha mkono, unatengeneza mafundo. Bonyeza ukishuka kufuata manyoya. Dawa ya kulainisha ni ya pindo, mgongo hauihitaji. Suuza kuliko unavyodhani inatosha, hasa makwapani na tumboni, maana mabaki ya shampuu huwasha.

Kumkausha ndiko kunakoamua atakavyoonekana. Taulo libonyezwe, lisisuguliwe. Halafu pindo likaushwe kwa mashine ya upepo, joto la chini, upepo ukifuata manyoya kuelekea chini, brashi ikifuata upepo. Mgongoni mimi hutandika taulo kavu, nikalibana kwa klipu chini ya shingo na chini ya tumbo, nikamwacha akauke nalo huku nikimwangalia. Manyoya yakikauka yamelazwa hubaki yamelala. Malizia kwa kukausha sehemu ya ndani ya masikio.

Miguu sasa. Geuza wayo, kata manyoya yaliyopita usawa wa vitakia, yaani ile minofu ya chini ya wayo anayokanyagia, usichokoe kwa ncha ya mkasi katikati yake. Yakiachwa humfanya ateleze na hubeba matope. Kisha simamisha mguu, chana manyoya ya juu ya vidole yasimame, uyapunguze kwa mkasi wa meno mpaka wayo uwe wa mviringo. Kucha zikatwe vipande vyembamba. Ukucha mweupe unaonyesha mshipa wa waridi, ishia kabla yake. Mweusi hauonyeshi kitu, basi kata kidogo kidogo ukitazama sehemu iliyokatwa. Likitokea doa jeusi lenye unyevu katikati, acha. Damu ikitoka, bonyeza kornflawa. Usisahau ukucha wa pembeni, ule wa juu usiogusa ardhi. Hauliki, hujikunja hadi ukaingia nyamani.

Chini ya mkia na kuzunguka sehemu za siri kata fupi, kwa usafi. Mkia wenyewe, tafuta kwa vidole mahali mfupa unapoishia, ushike hapo, na ukate nje ya vidole.

Mwenye spanieli wa aina ya Cavalier ana nafuu: kwa desturi ya maonyesho huachwa bila kukatwa, isipokuwa manyoya ya chini ya nyayo, na nyumbani pia hupendeza hivyo. Ila kuchana hakupungui, masikio yake yana pindo refu sana. Cocker wa Kimarekani ndiye mwenye kazi kuliko wote. Miguu na tumbo vimejaa, naye huhitaji kupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 8 pamoja na kuchanwa kila siku. Springer afanyiwe kama nilivyoeleza, ila meza iwe kubwa.

Ukishamshusha, toa manyoya yote kwenye brashi, uioshe na kuikausha sindano zikiangalia chini, maji yasikae kwenye mpira wake yakaozesha. Mikasi ipanguse, tia tone la mafuta kwenye maungio, fungua na kufumba mara kadhaa, pangusa tena, uihifadhi mahali pakavu, mbali na mikasi ya kitambaa.